Hesabu Thelathini Ndani ya Miksa

Vijana wa kanisa letu hapa Section 58, Jumapili iliyopita mlinijia na swali moja mkaniacha nalo. Yule binti wenu mrefu, Sheila, ndiye aliyeuliza, "Shosho, kati ya kuandikwa kazi na kujifanyia freelance, gani iko poa?" Nilicheka, nikawamiminia chai, nikawaambia kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mkaondoka mmeridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu niliwajibu kwa methali ili nisiseme ukweli. Ukweli ni kwamba naogopa. Nawaogopea nyinyi, na bado naogopa kwa ajili ya siku moja yangu mwenyewe ambayo sijamsimulia mtu, hata mabinti zangu.

Mnanijua kama Mama Chebet wa magoti mabovu. Kabla ya magoti haya nilikuwa fundi wa mashine za kusaga na kuchanganya chakula cha mifugo. Nilifanya kazi ya kuandikwa miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja upande wa viwandani hapa Nakuru. Baada ya hapo nilijitegemea miaka kumi na mitatu, nikizunguka na sanduku langu la spana Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha. Kwa hivyo nimekula pande zote mbili za sahani.

Nianze na mandazi.

Miksa, kwa asiyeijua, ni tangi la chuma lililolala, na ndani yake kuna mhimili wenye mapanga yanayozungusha mahindi, pumba, mashudu na chumvi mpaka vishikane. Panga likichakaa, fundi anaingia kwa mlango mdogo wa ubavuni, analala chali katikati ya hayo mapanga na kulifungua. Siku zile kila fundi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Changu kilikuwa kumi na nne. Ukiingia ndani ya mashine unakitundika kwenye mkono wa swichi, na kikiwa pale hakuna wa kuigusa swichi hiyo, awe meneja au mwenye kiwanda. Anayekitoa ni aliyekitundika, basi.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Ouma, mtu mpole aliyekuwa na vidole saba. Vile vitatu hakuwahi kueleza vilienda wapi, na sisi hatukuhitaji kuuliza.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoka ndani ya miksa kunyoosha mgongo, nikasikia harufu ya mandazi kutoka kantini, miguu ikanipeleka yenyewe. Kibati nikakisahau kwenye swichi. Aliyekuwa na zamu ya kuwasha mashine akaja, akakiona, akakataa kuwasha. Wakaniita kupitia ule mlango mdogo, kimya. Wakafikiri nimezimia. Mzee Ouma akaingia ndani na tochi, mwingine akapanda juu kuchungulia kwa kifuniko, malori yakapanga foleni mpaka barabarani. Mimi nikatokea na andazi la pili mdomoni, nikauliza kuna nini.

Mzee Ouma hakunipigia kelele. Aliniangalia, vumbi la pumba limemjaa kwenye nyusi, akauliza, "Ni tamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kula pole pole. Watu arobaini wanakungoja."

Niliona aibu mwezi mzima. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ile haikuwa siku ya aibu. Watu arobaini walisimama na kazi ikalala kwa sababu ya kibati kidogo chenye namba yangu. Hiyo ndiyo faida ya kuandikwa ambayo hakuna anayewatajia mnapohesabu likizo na bima. Ukiwa ndani, kuna watu wanaojua uko ndani.

Kitu kingine alichonifundisha Mzee Ouma ni mpangilio wa kuwasha. Kwanza kinalia king'ora. Kisha unaanza mkanda wa chini, ule unaobeba chakula kilichochanganywa. Kisha mwashaji anahesabu mpaka thelathini ili mkanda ushike mwendo, ndipo miksa inaanza kuzunguka. Nilimuuliza kama mtu aliye ndani anaweza kutoka kwa hesabu thelathini. Akasema aliye mwembamba, aliyekwisha kusimama, na asiye na kitu mkononi, labda. Nikamwuliza na aliyelala chali je. Mzee Ouma akachukua spana yake akaenda zake.

Baadaye kiwanda kilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Nisiwadanganye kwamba nililia sana. Nililia wiki moja, ya pili nikapigiwa simu na mwenye mashine kule Molo, mapanga yake yamekatika na ng'ombe za watu zinangoja. Nikaenda. Nikatengeneza. Akaniambia kwa viwanda vidogo kama chake, kumwajiri fundi wa kudumu ni sawa na kufuga fahali kwa ajili ya mtamba mmoja. Mashine inaharibika mara tatu kwa mwaka, hizo siku nyingine fundi atakula nini na atafanya nini? Alikuwa na haki. Kwa mtu kama huyo sisi wa kujitegemea ni baraka, na kwa miaka miwili ya kwanza nilijifunza mashine nyingi kuliko nilizojifunza kwa kumi na tisa. Mama yangu alipougua nilikaa naye Rongai wiki tatu bila kumwomba mtu ruhusa. Wenye mashine waliniita "daktari". Nikaanza kuringa, na sanduku langu nikalipaka rangi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hupewa jembe siku ya kwanza, na ya pili tunaambiwa kwaheri. Nilikuwa naitumia hiyo kama mzaha. Siku hizi hainichekeshi.

Maana kuna simu. Mkishajitegemea mtaielewa. Isipolia siku tatu unaanza kuikagua kama ina chaji. Isipolia wiki mbili unakumbuka kila neno ulilomwambia kila mteja na kujiuliza ni lipi lililomuudhi. Nilikuwa naingia nayo kanisani, naiweka kwenye kifua imezimwa sauti, natetemeka ikitetemeka. Na polepole, bila mtu kuniambia, nikaacha kuuliza maswali. Mteja anataka fundi, hataki maneno. Fundi anayeuliza swichi iko wapi, nani ana ufunguo, nani atakaa hapo nje, anaonekana kama hajui kazi, au anachelewesha. Kuna wengine wasiouliza, na namba zao zimo kwenye simu ya huyo huyo mteja.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa asubuhi ya jua kali, na ilikuwa katika kiwanda kile kile changu cha zamani. Waliniita nibadilishe mapanga manne. Getini nilimkuta Mutiso, mlinzi niliyemjua tangu siku zangu za kibati. Wakati ule alikuwa ameandikwa na kiwanda. Sasa alikuwa ameletwa na kampuni ya walinzi, kwa karatasi ya miezi mitatu mitatu. Tulicheka tukaambiana sote wawili tumekuwa wageni kwetu. Alifungua kitabu cha wageni, nikamwona anaandika: Fundi, mmoja.

"Sina jina siku hizi, Mutiso?"

"Ndivyo wanataka, Mama Chebet. Kazi na idadi."

Ndani mambo yalikuwa yamebadilika. Vibati vya shaba vilikuwa vimeondolewa, mahali pake pamewekwa makufuli mekundu. Unaifunga swichi kwa kufuli na ufunguo unakaa nao mwenyewe mfukoni. Ni mpango mzuri kuliko vibati, na nilifurahi kuuona. Nikaenda kaunta ya stoo kuomba moja. Kijana wa stoo alikuwa mstaarabu, hakunidharau.

"Makufuli ni ya staff, mathe. Lazima mtu asaini na namba ya kazi. Wewe huna namba."

"Nilikuwa na namba. Kumi na nne."

"Hiyo ni ya mtu mwingine saa hii."

Akasema naweza kumngoja meneja. Meneja alikuwa anangoja wakaguzi kutoka kwa mnunuzi mkubwa, hangepatikana mpaka wafike. Nikasimama pale kaunta. Nilijua kabisa la kufanya. La kufanya lilikuwa kuketi juu ya sanduku langu na kungoja kufuli, hata kama ni mpaka jioni. Lakini kazi haikuwa imekuja kwangu kwa wiki tano kabla ya hapo. Nikaona vile watakavyosema: yule mama amekuwa mzee, ana maneno mengi, mtafuteni mwingine. Nikasimama nikihesabu hayo kichwani. Kisha nikasema, "Haya, hakuna shida," nikaenda.

Nilivua kitambaa changu cha kichwa, cha maua ya manjano, nikakifunga fundo kwenye mkono wa swichi. Njiani Mutiso alikuwa akifanya mzunguko wake, akaniona bila kitambaa, akashangaa, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona nywele zangu. Nikamtania, "Kitambaa kikiwa pale kwa swichi, ujue kichwa kiko ndani." Akacheka akarudi getini kwake. Nikaingia.

Yaliyotokea nje niliambiwa baadaye. Karani mmoja, Purity, msichana mwenye adabu kabisa, alitumwa apite kila mahali kabla ya wakaguzi kuingia na kuondoa kisichohusika. Akaona kitambaa cha mama mtu mzima kimefungwa kwenye swichi. Akafikiri nimekisahau. Akakifungua, akakikung'uta vumbi, akakikunja vizuri, akampelekea Mutiso getini. "Mathe alisahau hii, akitoka umpe." Kisha mwashaji, Kevo, akaangalia orodha yake. Makufuli yote ya staff yalikuwa yamerudi stoo. Swichi haina kitu. Akavaa vile vizibo vyake vya masikio.

Nilikuwa nimelala chali, panga la tatu limeshikwa na bolti moja, goti langu la kushoto limepenya katikati ya panga na ukuta. King'ora kililia. Mwanzoni sikukiamini, nikafikiri ni cha kiwanda cha jirani. Kisha mkanda wa chini ukaanza, chuma chote kikatetemeka mgongoni mwangu, na vumbi la pumba likaniangukia machoni.

Nikaanza kuhesabu. Sijui kwa nini nilihesabu, mdomo ulianza wenyewe. Kwa tano nilikuwa napiga ukuta kwa spana, mapigo matatu na kutulia, kama alivyotufundisha Mzee Ouma. Kwa nane nikakumbuka Mzee Ouma alishazikwa Siaya, na hapo nje hakuna anayejua mapigo hayo maana yake nini. Kwa kumi na mbili nikavuta goti, likakataa. Nilipiga kelele, nikasikia sauti yangu tu. Kwa kumi na saba nikawaza kitabu cha getini, Fundi, mmoja, nikawaza watampigia nani simu, watamwita Chebet wangu kwa jina gani, ikiwa hawajui hata langu. Woga wa namna hiyo hauna maneno, vijana. Nilijikojolea. Nawaambia ili mjue. Kwa ishirini na tatu goti likatoka na ngozi ikabaki. Mlango ulikuwa bado uko mbali na mkono wangu. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Mkanda ukazima.

Sikutoka mara moja. Nililala pale nikisikiliza. Kichwa cha Mutiso kikatokea mlangoni, anahema, mkononi ana kitambaa changu. Alikuwa amekimbia akapiga kile kitufe chekundu cha kuzima kila kitu. Nyuma yake alisimama Kevo, vizibo vimening'inia shingoni, midomo imekuwa myeupe.

"Mathe, hukuwa kwa list," aliniambia. "Haki ya Mungu, hukuwa kwa list."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa. Nikamwambia najua.

Meneja alikuja mbio. Sikumchukia. Mwenye kazi anayeleta watu wa nje huwa na hofu yake mwenyewe, ila huikumbuka kwa kuchelewa. Anapata mkono hodari kwa siku moja bila mzigo wa mwaka mzima, sawa, lakini anapata pia mtu asiyezijua kengele zake, asiyehudhuria vikao vyake, ambaye akifa mikononi mwake hajui hata atamwandikaje. Aliniuliza kama nimeumia. Akaangalia saa, akaangalia upande wa ofisi walikokuwa wakaguzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Utaweza kumaliza leo?"

Hapa ndipo nilipokuwa nikificha, vijana, miaka yote hii. Nilisema ndiyo.

Nilifunga leso kiunoni kuficha sketi iliyolowa, nikafunga goti, nikaingia tena ndani ya ile miksa. Sikuomba kufuli hata mara hiyo. Mutiso alikataa kurudi getini. Alisimama mbele ya swichi na kitambaa changu amekizungusha kiganjani mpaka nilipokaza bolti ya mwisho. Spana ilikuwa inateleza mkononi, lakini simu isiyolia ndiyo niliyoiogopa zaidi.

Wiki iliyofuata Mutiso aliondolewa. Kampuni yake ilisema aliacha geti wazi wakati wa wageni. Angeweza kueleza sababu, lakini meneja aliomba jambo lile lisizungumzwe, na mimi, ambaye ningeweza kwenda kusema kwamba mtu huyu aliacha geti ili aniokoe, sikwenda. Nilijiambia nitaenda Jumatatu. Jumatatu zikapita. Mwezi uliofuata simu ikalia, ni kiwanda kile, nami nikapokea kwa furaha.

Nilinunua kufuli langu mwenyewe, jekundu, na kamba ya kuvalia ufunguo shingoni. Tangu hapo sikuingia ndani ya mashine bila hilo. Wateja wawili watatu waliniona msumbufu wakaacha kuniita. Na kila nilipokuwa kiwandani pale, kitu kimoja kilinisumbua. Nilipima kwa miguu. Kutoka getini mpaka kwenye kile kitufe, mtu wa umri wa Mutiso akikimbia ni hesabu kumi, haifiki kumi na mbili. Purity alisema kitambaa alimpa Mutiso kabla ya king'ora. Mimi nilifika ishirini na sita.

Miaka ilipita. Nikaenda Karagita, kule Naivasha, kutengeneza mashine ya posho ya mama mmoja, na kwenye geti la nyumba za kupangisha za wafanyakazi wa mashamba ya maua nikamkuta Mutiso ameketi juu ya kreti, amezeeka. Nilipiga magoti, haya magoti, nikamwomba msamaha palepale mbele ya watu. Akaniinua. Tukanywa chai kwenye kibanda. Nilimwambia yote, na yale ya Jumatatu zangu.

Alizungusha kikombe chake mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mama Chebet, usinipigie magoti. Purity aliponipa kile kitambaa nilijua hapo hapo. Nilikumbuka ulivyoniambia. King'ora kikalia, mimi nimesimama."

"Umesimama?"

"Nilikuwa nafikiria karatasi yangu inaisha mwezi huo. Nikiacha geti na wakaguzi wako ndani, hawatanipa nyingine. Nilisimama nikifikiria hiyo. Sijui ni muda gani."

Mimi nilijua. Nilimwambia ni kama hesabu kumi na tano. Akafunika uso kwa kofia yake.

Sikumlaumu, na simlaumu leo. Zile hesabu zake nazijua vizuri, kwa sababu asubuhi ile ile na mimi nilikuwa nimesimama kaunta ya stoo, nikizihesabu zangu.

Sheila, uliuliza gani iko poa. Njoo Jumamosi uchukue kufuli langu, liko kwenye sanduku chini ya kitanda, bado linafungika. Na nyinyi wote, wakiwaambia makufuli ni ya staff tu, ketini juu ya masanduku yenu, mngoje.